Jinsi Nilitetea Wimbo ya Koti

Nimestaafu nikiwa na miaka thelathini na moja. Wacheni kucheka. Mtu akifanya kazi hadi kazi yenyewe ikufe mbele yake, huyo amestaafu, ata kama bado ako na meno yote. Miaka tisa nilikaa kwa duka ya Mama Chebet pale Kaplong nikiwekea watu nyimbo kwa memori kadi na flashi. Siku hizi kila mtu anasikiza moja kwa moja kwa simu, na nyinyi wawili mliobaki hapo mnabadilisha vioo na kuuza chaja. Sawa. Lakini juzi nilipita kuwasalimia, mmoja wenu akaniuliza, "Kwani nyinyi siku zenu mlikuwa mnafanya nini, kukopi na kupesti tu?" Nilitaka kuruka hiyo kaunta. Mama Chebet akanishika shati. Nikaenda nyumbani Sosiot, nikakamua ng'ombe na hasira, ng'ombe ikanipiga teke, ndio nikaamua badala ya kupigana niandike.

Mambo ya mshahara sitaongea. Promosheni nilipata moja: nilitolewa kwa stuli nikapewa kiti ya plastiki. Ikavunjika mwezi huo huo, nikarudi kwa stuli.

Siku ya kwanza nilifika kama mtu anajua kila kitu. Kompyuta nilikuwa nimejifunza mwenyewe, kwa kufinya kila mahali hadi kitu itokee. Mama Chebet ni mama mnene wa sauti ndogo. Alianza na kaseti, akaingia kwa CD, akafika kwa flashi, na sijawahi msikia akijisifu. Akaniuliza kama naweza hii mashine. Nikamwambia, "Mama, wewe nenda ukunywe chai." Akaenda akakunywa chai. Akirudi nilikuwa nimefomati kadi ya karani mmoja wa kupima majani chai, ile ilikuwa na picha zote za ubatizo wa mtoto wake.

Karani hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Sasa tutambatiza tena?"

Mama Chebet akamwambia alete mtoto Jumapili na ile nguo nyeupe, na kweli alienda huko kwao na kamera akawapiga picha upya. Mimi nilipewa kazi ya kushika beseni. Mtoto aliniangalia kama anajua ni mimi.

Kwa huyo mama nilijifunza vitu hamtawahi hitaji. Kusugua kadi na raba ya shule mpaka mashine iisome. Kufungua simu ya mchumaji majani, ile imefungwa kwa karatasi ya maziwa na mpira, na vifinyo zake zimeshikana kwa sababu ya utomvu wa majani. Kujua siku ya kufungua spika na siku ya kuizima, kwa sababu mvua ya mawe ikipiga chai ya watu, hakuna mtu anataka kusikia gitaa hiyo wiki.

Lakini kazi kubwa ilikuwa majina. Hiyo ndiyo hamjui. Nyimbo zilikuwa zinakuja na flashi kutoka Kericho zikiitwa Traki 01, Traki 02, hivyo tu, kama wafungwa. Mtu wa duka anasikiza, anaandika jina. Hiyo jina ndiyo itaenda kwa simu ya kila mtu. Mama Chebet aliniambia, "Sikiza hadi mwisho ndio uandike." Mimi nilikuwa nasikiza hadi korasi. Ikifika korasi nilikuwa nimeshaelewa wimbo kuliko mwenye aliimba.

Sasa mwezi wangu wa pili ikaletwa albamu ya bendi moja ya Kimulot, Mvua ya Mawe Band. Nilicheka hiyo jina. Nani anaita bendi kitu inararua chai ya mama yake? Ni kama kuita mtoto Malaria. Kisha nikafinya Traki 01, hiyo gitaa ya kwanza ikaingia, na nikakwisha.

Niseme ukweli, sikuwa mpenzi wa hiyo bendi. Nilikuwa askari wao, na hawakuwa wameniandika. Kinyozi wa mlango wa pili alisema mpiga ngoma wao anachelewa kidogo. Kidogo! Nilimwambia asikanyage kwetu tena, na nikaanza kunyolewa Sotik, mbali, na vibaya. Kastoma akiniambia nimchanganyie bendi mbili nusu kwa nusu, alikuwa anaenda nyumbani na Mvua ya Mawe mara mbili ya hiyo ingine. Wengine walirudi wakilia. Niliwaambia masikio yao itazoea.

Traki 04 ndiyo ilinimaliza. Mnajua sisi watu wa huku. G na K kwetu ni ndugu, wanavaliana nguo. Mwimbaji ni Mkipsigis, msikilizaji ni Mkipsigis, na mimi nikasikia hivi: "Nimepiga koti mlangoni, nifungulie." Nikaona iko sawa kabisa. Kijana amepiga koti, yaani amevaa koti yake safi, amefika kwa kina msichana, amesimama mlangoni, baridi inamchapa. Nani hajawahi? Nikaandika kwa herufi kubwa: MVUA YA MAWE – KOTI.

Kuna mwalimu mmoja aliniuliza, "Na hapa anaposema yote mawili yameshika matope, ni nini hiyo mawili?"

"Makoti, mwalimu."

"Amevaa mawili?"

"Mwalimu, unajua baridi ya Kimulot wewe?"

Akafikiria, akasema ni kweli. Na huyo alikuwa mwalimu wa Kiswahili, kwa hivyo msinicheke peke yangu.

Hiyo jina ilitembea. Kutoka kwa stuli yangu ilifika Sosiot, ikafika Bomet, ikarudi Kimulot yenyewe. Kwa harusi, Koti ikianza, wanaume wanavua makoti wanazungusha juu ya kichwa. Harusi moja ya upande wa Bomet koti ya bwana harusi iliruka ikaingia kwa sufuria ya mchuzi, na mchuzi ukaliwa. Bendi wenyewe wakaanza kuja kwa jukwaa wamevaa makoti ya rangi moja. Mimi nilikuwa nasimama mbele nikijivuna kama baba ya bibi harusi. Watu wakaniita Arap Koti, mwana wa koti. Niliitikia.

Na nilikuwa nafundisha. Mtu akikuja na kadi, kabla nimpe, lazima asikie mafundisho: hii albamu iko na nyimbo nane, saba ni dhahabu, hawa watu hawaigi mtu, kila kitu inatoka kwa kichwa yao wenyewe. Ya nane, Traki 08, ni takataka. Ni Arap Rono, kiongozi wao, peke yake na gitaa moja, polepole, kama mtu ako na homa. Hiyo nilikuwa natoa kwa kadi za watu bila kuwauliza, ndio nafasi ibaki.

Ilienda hivyo miaka nyingi. Halafu Jumatatu moja akaingia Baba Akinyi.

Baba Akinyi mnamjua, yule mzee wa samaki na omena pale sokoni, ametoka upande wa ziwa. Kabla ya samaki alifanya kazi kwa kiwanda ya majani upande wa Kericho na akaishi kwa kambi ya wafanyakazi miaka mingi. Nje spika ilikuwa inacheza Koti. Akasimama akingoja korasi ya kwanza iishe, kofia kwa mkono.

"Kijana," akasema, "hiyo wimbo nataka. Lakini si hiyo. Nataka ya mwenyewe."

"Mzee, mwenyewe ndiye huyo anaimba."

"Hapana. Hiyo ni ya ndugu yangu, Were. Na si koti. Ni goti."

Duka ilikuwa na watu kama sita. Ningekuwa mtu wa akili ningemuuliza ndugu yako ni nani, ako wapi. Mimi nilizima spika ndio nisikike vizuri.

"Mzee, hii bendi haijawahi iba wimbo ya mtu. Nyinyi watu wa ziwa, kila kitu mzuri ni yenu. Ata hii mvua mtasema inatoka kwenu."

"Lakini mvua hii inatoka kwetu," akasema.

Watu wakacheka. Na ni kweli, inatoka huko, kila mtu anaona mawingu ikipanda kutoka upande wa ziwa. Hiyo ndiyo ilinimaliza.

"Basi rudi kwa omena yako! Huyu mtu amepiga koti, amesimama mlangoni!"

Baba Akinyi hakukasirika. Afadhali angekasirika. Akaniambia, "Omera, mtu akiomba msamaha anavaa ama anainama?" Kisha akainua mguu wa suruali kidogo, akagonga goti yake na kidole. "Yote mawili yameshika matope. Magoti. Mtu ako na magoti mawili."

Mama mmoja alikuwa anangoja flashi yake akasema "Kai!" na akajifunika mdomo.

"Tunamzika Jumamosi," Baba Akinyi akasema. "Kanda za sauti yake tulikuwa nazo ziliharibika kitambo. Nilitaka tu sauti yake ikuwe hapo."

Na mimi, Mungu anisamehe, nilijibu nini? Nilisema, "Pole kwa msiba, lakini bendi yetu si wezi."

Akavaa kofia akatoka.

Mama Chebet alikuwa nyuma ya pazia anapanga makava ya simu. Alitoka polepole.

"Kipkirui. Hiyo wimbo umeisikiza?"

"Mara elfu."

"Sijauliza umeicheza. Nimeuliza umeisikiza."

Akanivalisha vile vya masikio kama mtoto, akaniketisha, akafinya. Na ukishaambiwa ni goti, haiwezi kuwa koti tena. Nilijaribu. Verse ya tatu, ile sikuwahi fika na akili, jamaa anasema mvua inamnyeshea mgongoni. Mgongoni! Mtu akisimama, mvua inamnyeshea kichwani; mgongoni ni mtu ameinama. Nikatoa vile vitu.

"Mama, ulikuwa unajua?"

"Tangu mwaka wa kwanza."

"Na ukaninyamazia?"

"Nani angekuambia? Ulikuwa umeshafukuza kinyozi."

Kesho yake nilichukua pikipiki mpaka Kimulot. Sitadanganya hapa, sikuenda kutafuta ukweli. Nilienda Arap Rono aniapie ni wimbo yao, ndio nirudi nikashinde. Nilimpata kwa shamba yake anachuma majani, amejifunga ile plastiki ya kuzuia umande, kikapu mgongoni. Mikono inachuma tu kama inapiga gitaa.

"Chamge," nikamsalimia. "Mimi ni Kipkirui wa duka ya Kaplong."

"Koti!" Akacheka mpaka majani ikamwanguka. "Ni wewe! Sisi tuliimba goti, wewe ukaandika koti. Mara ya kwanza watu waliitisha Koti tukaangaliana. Tukasema, kama wanataka koti, wapatie koti."

"Kwa hivyo si yenu?"

"Ya Were. Nilikuwa mchumaji kwa ile kambi ya kiwanda ya Kericho nikiwa kijana, yeye ndiye alinifunza gitaa. Goti ni yake yote."

Nilishika mti wa chai. Nikauliza polepole, "Na Traki 01?"

"Hiyo tulitoa kwa redio."

"02?"

"Hiyo ni ya kanisa. Tuliongeza ngoma tukaharakisha."

"03?"

"Redio tena. Kijana, si kila bendi huanza hivyo? Unaimba za watu mpaka upate yako."

Nilienda hivyo hadi saba. Saba zote, ile dhahabu yangu, ilikuwa ya wenyewe. Miaka nimepigania watu kitu hawajawahi sema ni yao. Hawakuwa wamemdanganya mtu. Mimi ndiye nilikuwa nawadanganyia.

"Sasa yenu ni gani?"

"Ile ya mwisho, ya nane. Mvua ya mawe ilimaliza chai ya mama yangu yote, akaingia nyumba akakaa kimya siku mbili. Nikamtungia hiyo ndio aongee. Hapo ndipo tulitoa jina ya bendi." Akaniangalia. "Wewe hiyo unaionaje?"

Nilikuwa nimeitoa kwa simu za nusu ya watu wa hii milima. Nikasema, "Ni ya polepole." Akakubali, akasema ni kweli, ni ya polepole.

Ndio nikamwambia Were ameaga, na ndugu yake anataka sauti yake kabla ya Jumamosi. Arap Rono akatoa kikapu mgongoni akaiweka chini.

"Ni yule ndugu wa kiwanda?"

"Ndiyo, sasa anauza samaki kwetu."

"Basi umeleta mambo. Hao wawili walikosana, sababu siijui. Were alienda asubuhi moja ya mvua akapiga goti kwa mlango ya huyo ndugu, kambi yote inaangalia. Mlango haikufunguliwa. Akakaa hapo mpaka king'ora ya kazi ikalia. Jioni akatunga hiyo wimbo. Aliniambia, nyinyi vijana imbeni, mpeleke kila mahali, labda siku moja ataisikia."

Na mimi ndiye niliipeleka kila mahali. Na watu wakazungusha makoti.

Arap Rono akaingia nyumba akatoka na mkebe wa maziwa ya unga. Ndani kulikuwa na kanda moja, imefungwa kwa kitambaa. "Hii ni yake. Lakini usinilaumu. Tulikuwa wajinga na hatukuwa na kanda ingine. Tulirekodi mazoezi yetu juu yake. Were anaimba verse ya kwanza na korasi, anaingia ya pili kidogo, halafu ni sisi."

Siku yote ya Jumatano hakuna kastoma alihudumiwa. Mama Chebet alitoa redio kaseti yake ya kitambo chini ya kitanda. Nikanyoosha mkono, akaupiga. Alisafisha kichwa ya redio na pamba na spiriti, akazungusha kanda na penseli, mbele na nyuma, polepole, ndio isishikane, kwa sababu kanda kuukuu inaweza kukubali mara moja tu. Mimi nilipewa kushika waya ya kuingia kwa kompyuta, kwa sababu ilikuwa inalegea. Nilishika kama nimeshika sindano ya daktari. Ikazunguka, ikafika, ikaingia. Sauti ya Were ilikuwa nzito, na G yake ilikuwa G, ungeisikia ata ukiwa umelala.

Nilitaka kukata ile sehemu ya mazoezi ya bendi. Mimi! Nilitaka kutoa Mvua ya Mawe. Mama Chebet akasema, "Si yako kukata. Muulize mwenyewe."

Alhamisi nikaenda sokoni. Nilikuwa nimemtukana mbele ya watu sita, nikaona siwezi omba msamaha kwa sikio. Nikasimama mbele ya meza yake, wamama wa samaki wote wanasikiza, nikasema kwa sauti, "Baba Akinyi, nilikukosea. Nilisikia vibaya, na nikaongea vibaya, na wimbo ni ya Were."

"Sogea kidogo," akasema, "umezuia kastoma."

Nikasogea. Mama mmoja akaniuliza kama nataka omena basi, kwa sababu nimeshafika. Nikanunua. Nilibaki nimesimama hapo na karatasi ya omena mpaka Baba Akinyi akafunika meza na gunia, akafuta mikono, akaniambia, "Haya, twende."

Nilimpa kiti ya Mama Chebet. Nikamweleza kila kitu kuhusu kanda: iko nusu, halafu inakatika, halafu vijana wa Kimulot wanaingia. Yale mengine Arap Rono aliniambia sikusema. Ni mara ya kwanza kwa maisha yangu nimejua kitu nikafunga mdomo.

"Cheza," akasema.

Kwanza kuna kelele ya kanda. Mtu anakohoa. Kiti inasogezwa. Baba Akinyi aliposikia huyo mtu akikohoa, akatoa kofia. Halafu gitaa, na Were akaanza. Nimepiga goti mlangoni. Hakuna ngoma, hakuna haraka. Ikafika korasi, akaita mara ya kwanza, nifungulie. Akaita mara ya pili, nifungulie.

Baba Akinyi aliinua uso akaangalia mlango ya duka, ambayo ilikuwa wazi na hakuna mtu hapo. Akasema, kwa sauti ya kawaida tu, vile mtu anajibu hodi akiwa anakula:

"Ingia, Were. Ingia."

Verse ya pili ikakatika katikati ya neno, na bendi yangu ikaingia na gitaa tatu na ngoma inachelewa kidogo. Nikapeleka mkono kuzima. Baba Akinyi akatikisa kichwa.

"Wacha wamalize," akasema. "Kuna verse ingine sijawahi kaa nikaisikia."